Besi hafifu: kagua nyaya kabla ya kununua wufa nyingine

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalowagharimu wakazi wa Kisumu, na nina hakika hata wa Nakuru, Kakamega na Busia, pesa wasizostahili kutoa. Mtu analalamika kwamba spika zake hazina besi. Anaambiwa anunue wufa (spika ya besi) kubwa zaidi, au aongeze amplifaya, au atupe spika alizo nazo. Hakuna anayeinama nyuma ya meza kuangalia kama chanya na hasi za spika moja zimepishana. Kosa hilo ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya aina hii, na kulirekebisha hakuhitaji hata shilingi.

Ndani ya spika kuna koili, yaani waya uliozungushwa, iliyogandishwa kwenye karatasi, nayo imekaa katikati ya sumaku. Umeme ukiingia kwa chanya, karatasi inatoka nje. Ukigeuka, inarudi ndani. Noti ya besi ya 50 Hz huifanya karatasi iende na kurudi mara 50 kwa sekunde. Spika mbili zikifungwa sawasawa, zote hutoka pamoja na kurudi pamoja, na msukumo wa hewa unajumlika. Moja ikifungwa kinyume, hii inasukuma wakati ile inavuta, kama wavuvi wawili kwenye mtumbwi mmoja, huyu akipiga kasia kwenda mbele na mwenzake kurudi nyuma. Spika zote mbili zinafanya kazi kwa bidii na hakuna besi inayokufikia ulipokaa.

Kwa nini besi ndiyo inayopotea na sauti nyembamba zinabaki? Ni kwa sababu ya urefu wa mawimbi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde hewani. Wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7, la 100 Hz karibu mita 3.4, na la 3000 Hz sentimita 11 hivi. Sebuleni spika hukaa mita moja na nusu au mbili kutoka kwa mwenzake, umbali ambao ni mdogo sana mbele ya wimbi la mita saba, kwa hiyo mawimbi mawili ya besi yaliyo kinyume hukutana karibu popote chumbani na kufutana. Yale ya sentimita 11 hujumlika hapa, hufutana pale, na sikio hupata mchanganyiko usioonekana kuwa na kosa kubwa. Ndiyo maana mwenye spika husema sauti ni safi ila haina uzito, na muuzaji huona hapo nafasi ya kuuza.

Kulitambua kwa sikio ni rahisi. Fungua redio wakati wa taarifa ya habari, ukae umbali sawa kutoka kila spika. Sauti ya msomaji huja sawa kwenye chaneli zote mbili, kwa hiyo inapaswa kusikika katikati, kana kwamba mtu amesimama kati ya spika. Ukishindwa kujua inatoka wapi, ikawa inaelea pembeni au kama inatokea nyuma ya masikio, kuna spika iliyogeuzwa. Kipimo cha pili ni cha uhakika zaidi: zigeuze spika zitazamane, ziachane sentimita tano tu, halafu weka wimbo wenye gitaa zito la besi, benga inafaa sana. Zima amplifaya, badilisha nyaya za spika moja peke yake, washa tena bila kugusa kitufe cha sauti. Tofauti itakushtua. Mpangilio wenye besi nyingi ndio sahihi. Ukibadilisha nyaya za spika zote mbili kwa mpigo hutasikia tofauti yoyote, kwa maana zitabaki kama zilivyokuwa mwanzo, ziwe zimekubaliana au zimepingana.

Spika isiyo na alama hupimwa kwa betri ndogo ya rimoti, ya volti 1.5. Chomoa spika kwenye amplifaya kabisa. Gusisha waya mmoja kwenye kichwa cha betri na mwingine kwenye kitako, kwa sekunde moja tu, huku ukitazama karatasi ya wufa kutoka ubavuni ukiimulika na tochi. Ikiruka nje, waya uliogusa kichwa cha betri ndio chanya. Ikirudi ndani, ni kinyume. Tia alama ya rangi nyekundu hapo hapo, kwa sababu kesho utakuwa umesahau.

Tafadhali msitumie betri ya sola au ya gari kwa kazi hii. Koili ya spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ukiipima kwa mita hutoa omu 3 na kitu. Volti 12 zikipita humo ni zaidi ya ampea 3, yaani wati 40 hivi za moto mtupu kwenye waya mwembamba kama uzi, na karatasi imesimama tu bila kupuliza hewa ya kuipoza. Sekunde chache zinatosha kuharibu gundi ya koili. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, nayo haipimwi kwa betri: mwendo wake hauonekani kwa macho, na ikiwa na kapasita (kifaa kinachozuia besi isiifikie) mbele yake utasikia tu "tik" isiyokueleza kitu. Kuhusu mita ya kawaida ya namba, kipimo chake cha omu hakisaidii hapa kwa sababu koili husoma vilevile pande zote mbili.

Kwenye spika nyingi ulimi (kipande cha chuma cha kuungia waya) wa chanya ni mpana kuliko wa hasi, milimita 4.8 kwa 2.8, au una nukta nyekundu. Jihadhari na spika za zamani za JBL za kazi za jukwaani zinazopatikana kwenye mitumba: kampuni hiyo kwa miaka mingi ilitengeneza spika ambazo karatasi huingia ndani chanya ya betri ikiunganishwa na ulimi mwekundu. Si mbovu. Ukizichanganya na za kampuni nyingine kwenye nyumba moja, fuata betri, usifuate rangi.

Makosa yenyewe huingilia wapi? Mara nyingi kwenye waya. Waya mweupe wa pacha unaouzwa kwa mita unaonekana sawa pande zote, lakini ukiupapasa upande mmoja utapata mstari ulioinuka, au maandishi, au mstari wa rangi. Ule wa plastiki inayoonyesha ndani kama chupa huwa na upande mmoja wa shaba nyekundu na mwingine wa rangi ya fedha. Chagua upande mmoja uwe chanya na ushikilie hivyo nyumba nzima, pamoja na mahali ulipounga waya juu ya dari, maana hapo ndipo wengi hupishanisha bila kujua.

Chanzo kingine ni sisi mafundi wenyewe. Spika iliyoungua koili huvuliwa karatasi, hutiwa koili mpya, na zile nyuzi mbili zinazotoka kwenye karatasi kwenda kwenye ndimi hulehemiwa bila kuangalia koili imezungushiwa upande gani. Spika inalia, mteja analipa, anakwenda. Nyumbani inakutana na mwenzake ambayo haikuguswa, na besi inatoweka. Mteja akirudi kulalamika anaambiwa koili mpya bado haijalegea. Huo ni uongo. Kabla ya kuikabidhi spika yoyote iliyobadilishwa koili, gusisha betri, na kama karatasi inaingia ndani, badilisha zile nyuzi mbili kwenye ndimi. Ni kazi ya solda ya dakika mbili.

Hali mbaya zaidi ni sanduku moja lenye wufa mbili, aina inayopendwa sana na vijana. Moja ikiwa kinyume, hewa inayosukumwa na ya kwanza huvutwa na ya pili humo humo ndani ya sanduku. Karatasi hutembea sana kwa sababu hakuna hewa iliyobanwa ya kuzizuia, na koili hugonga kitako cha sumaku kwa sauti ndogo kuliko kawaida. Mita haitakusaidia kugundua: wufa mbili za omu 8 zilizofungwa sambamba husoma karibu na omu 4 iwe zimekubaliana au zimepingana. Yako masanduku machache yaliyotengenezwa kwa makusudi na wufa moja ikitazama ndani, mgongo wa sumaku ukiwa nje. Hizo hugeuzwa nyaya ili karatasi zote zisukume hewa upande mmoja. Ukiona sumaku imetokeza nje, usirekebishe kitu.

Twita ndiyo inayowaponza mafundi wenye bidii. Unafungua sanduku la kiwandani, unakuta waya mwekundu wa twita umeunganishwa kwenye hasi, unasema mtengenezaji alikosea. Hakukosea. Krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, ikiwa na kapasita na koili kwa kila upande na ikikata desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa oktava, huziachanisha wufa na twita kwa digrii 180, yaani kinyume kabisa, pale zinapopokezana, kwa hiyo mtengenezaji huigeuza twita ili zikutane sawa. Ukiirudisha "vizuri" utachimba shimo kwenye sauti pale zinapopokezana, mara nyingi karibu na 2000 au 3000 Hz, na mwimbaji atasikika kama yuko chumba cha pili. Masanduku ya bei nafuu yenye kapasita moja tu kwenye twita yana hali tofauti. Kapasita ya mikrofaradi 4.7 na twita ya omu 8 hupokezana karibu na 4200 Hz, tofauti ya fezi (nafasi ya wimbi moja dhidi ya jingine) iko mbali na digrii 180, na unaweza kufunga upande wowote ambao sikio lako litapenda. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote.

Hapa inafaa nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kugeuza chanya na hasi hugeuza noti zote kwa mara moja, nzito na nyembamba, bila kuchelewesha hata moja. Fezi ni suala la muda, na muda uleule huathiri kila noti kwa kiasi chake. Sauti ikichelewa milisekunde 5, noti ya 100 Hz imegeuka digrii 180 kamili, ile ya 50 Hz imefika digrii 90 tu, na ya 200 Hz imezunguka ikarudi mahali pake. Umbali peke yake unatosha kuleta hayo: milisekunde 5 ni mita 1.7 za hewa.

Kwa hiyo kile kitufe kilichoandikwa PHASE (fezi) nyuma ya sabwufa, ile spika ya besi nzito peke yake, chenye 0 na 180, kwa kweli hugeuza chanya na hasi tu. Kazi yake ni kutafuta afadhali. Tuseme sabwufa na spika ndogo zinapokezana kwenye 80 Hz, ambapo wimbi lina mita 4.3. Ukiweka sabwufa kwenye kona mita mbili nyuma ya spika, sauti yake inakufikia ikiwa imekaribia kugeuka kabisa, hata kama kila waya uko mahali pake. Tena kichujio cha ndani ya sabwufa kina ucheleweshaji wake, ambao haujaandikwa popote kwenye boksi. Kaa unapokaa siku zote, weka wimbo wenye gitaa la besi linalotembea taratibu, mwombe mtu abonyeze 0 kisha 180. Pale besi inapojaa ndipo pa kuacha. Ukihamisha sofa au sabwufa, rudia. Sabwufa yenye kifundo cha kuzungusha kutoka 0 hadi 180 hukupa nafasi zaidi, maana hiyo huchelewesha kweli.

Sasa kwa wanaotumia sola, na vijijini mwetu kutoka Siaya hadi Bungoma ni wengi. Redio ya gari na bodi nyingi ndogo za amplifaya za volti 12, kama zile zenye chipu za TDA7388 au TPA3116, hazitoi hasi ya kawaida. Kila spika huendeshwa na amplifaya mbili, moja ikitoa sauti iliyo sawa na nyingine ikitoa ileile iliyogeuzwa, na spika hukaa katikati ya hizo mbili. Ndivyo volti 12 zinavyoweza kutoa nguvu ya maana. Ukipima waya wowote wa spika dhidi ya hasi ya betri utakuta karibu volti 6. Ukipima kati ya nyaya mbili za spika moja utakuta karibu sufuri. Maana yake ni kwamba ule waya mweusi wa spika si eathi wala si hasi ya betri. Ukiziunga nyaya nyeusi za spika mbili pamoja ili uokoe waya, au ukiugusisha mmoja kwenye bodi ya chuma ya gari, chipu itajizima ukiwa na bahati, na itaungua ukikosa bahati. Nyumba zilizotandazwa nyaya tatu kwa spika mbili enzi za redio za zamani zinapaswa kuongezwa wa nne kabla ya kufungwa amplifaya ya aina hii. Spika mbili, nyaya nne.

Kuna tatizo jingine ambalo watu hulitafutia dawa kwenye simu. Unachomeka waya wa AUX kutoka simu hadi amplifaya, muziki unalia, lakini mwimbaji hayupo, na ngoma kubwa haipo. Umebaki na mwangwi na magitaa ya pembeni. Hapo ile pete ya mwisho ya jeki, iliyo karibu na mkono wako, imekatika au haijagusa. Chaneli ya kushoto na ya kulia zimekosa njia ya kurudi, kila moja inarudi kupitia kwa mwenzake, na kinachobaki ni tofauti kati yao. Kila kilichorekodiwa sawa pande zote hufutana, na mwimbaji ndiye huwekwa katikati. Vua kasha la simu kwanza, maana makasha manene huzuia jeki isifike mwisho. Haikusaidia, weka mita kwenye mlio, gusisha pete ya mwisho ya jeki na chuma cha nje cha plagi za RCA, zile zilizo upande wa pili wa waya. Usiposikia mlio, waya umekatika, kwa kawaida sentimita mbili tatu kutoka kwenye jeki pale unapokunjwa.

Karibu na hilo ni mixa ndogo zinazoletwa nyumbani kutoka kanisani. Tundu lake la kutolea sauti mara nyingi hubeba sauti moja mara mbili, kwenye ncha na kwenye pete ya kati, ya pili ikiwa imegeuzwa, ili kelele zinazoingia njiani zifutwe mwishoni. Ukichomeka hapo waya wa stereo unaogawanyika kuwa RCA mbili, umepeleka sauti kushoto na kinyume chake kulia. Utageuza nyaya za spika mpaka kesho ukidhani kosa liko huko. Chukua ncha na pete ya mwisho tu kutoka kila tundu, ya kati iache wazi.

Na yapo ya kupuuza. Kugeuza plagi ya umeme ukutani hakubadilishi chanya na hasi ya sauti. Plagi zetu za pini tatu hata hazigeuki. Adapta ya pini mbili ikigeuzwa inaweza kuongeza au kupunguza mvumo wa 50 Hz, basi. Vilevile, spika zote za nyumba zikiwa kinyume kwa pamoja, ni wachache mno watakaotambua, na wewe na mimi pengine hatumo.

Ninalolilalamikia hasa ni kile kitufe cha besi kinachozungushwa mpaka mwisho kufidia besi iliyofutwa. Desibeli 6 za ziada zinadai nguvu mara nne, desibeli 10 mara kumi. Amplifaya ndogo haina nguvu hiyo, inaanza kukata vilele vya sauti, koili inaungua, spika inaletwa kwa fundi, inafungwa koili mpya bila kupimwa, na mteja anarudi nyumbani na kosa lilelile alilokuja nalo. Wanaouza spika za mitumba Kibuye na zile za madukani Oginga Odinga Street waweke betri moja ya rimoti mezani na kuigusisha kwenye kila spika mbele ya mnunuzi. Mnunuzi naye asitoe pesa kabla ya kuona karatasi za spika zote mbili zikiruka upande mmoja.

Fundi wa spika na amplifaya,
Kisumu